Kiitaliano kabla ya Desemba: namna ya kujipangia masomo ukiwa Malindi

Aliyekulia Malindi hahitaji kuambiwa Kiitaliano kinasikikaje. Kiko sokoni, kiko kwenye mabango ya mikahawa, kiko kinywani mwa dereva wa tuktuk anayepatana bei na mama wa Kizungu mwenye kikapu cha maembe. Waitaliano walianza mradi wao wa anga, San Marco, kule Ngomeni miaka ya 1960, na kutoka jukwaa lao la baharini ndiko ilikorushwa setilaiti iliyoitwa Uhuru, tarehe 12 Desemba 1970. Kwa hiyo lugha hii ina zaidi ya nusu karne masikioni mwa watu wa hapa. Pamoja na hayo, wengi wanaoisema wamekwama pale pale: salamu, bei, na vitenzi vilivyoachwa kama vilivyo kwenye kamusi. Kinachowapungukia si akili wala masikio, ni ratiba. Mwongozo huu unamhusu anayejifunza peke yake, mwenye kazi ya kutwa, asiye na fedha za kulipia darasa.

Anza na kalenda ya mji

Kosa la kwanza hufanywa kabla daftari halijafunguliwa: mtu huanza kujifunza Desemba, wageni wameshajaa, kazi ni ya kuanzia asubuhi hadi usiku, na baada ya siku nne kila kitu kimekufa. Msimu mkubwa wa wageni ni Desemba hadi Machi, na kuna wimbi jingine Julai na Agosti, Waitaliano wanapokuwa likizoni kwao. Aprili hadi Juni, kusi ikivuma na masika yakinyesha, hoteli nyingi hupunguza watu au hufunga kabisa. Hiyo ndiyo miezi ya kujenga. Ukianza wiki ya kwanza ya Mei una wiki 12 kamili kabla ya Agosti. Ukikosa hapo, Septemba hadi Novemba kuna wiki 12 nyingine.

Panga dakika 35 kwa siku, siku sita kwa wiki. Kwa wiki 12 hizo ni saa 42. Saa 42 hazimfanyi mtu fasaha, na anayekuahidi ufasaha kwa muda huo anakuuzia kitu. Zinatosha kumpokea mgeni, kumweleza safari ya boti, kuelewana naye juu ya saa na bei, na kusikia nusu ya anachojibu. Nusu ya pili huja msimuni, mradi msingi uwepo.

Ijumaa iwe nyepesi: dakika tano za kadi, basi. Usiiache tupu kabisa, maana siku tupu huzaa nyingine.

Pahala na wakati

Usiseme "nitasoma jioni". Jioni ni ndefu na ina wageni wake. Funga somo kwenye jambo ambalo tayari hulifanya kila siku bila kukumbushwa. Malindi iko karibu na ikweta, kwa hiyo Maghrib haihami sana mwaka mzima, na muda wa kati ya Maghrib na Isha ni zaidi ya saa moja: hapo panaingia dakika 20 bila kusukumana na kitu. Dakika 15 zilizobaki ziwe asubuhi, baada ya Alfajiri au wakati chai inachemka. Asiyeswali afunge somo kwenye chai ya asubuhi na oga ya jioni. Ramadhani ratiba hii huvunjika, usipigane nayo. Hamishia dakika za jioni baada ya daku, ufanye kadi tu, mambo ya kusikiliza yasubiri hadi Shawwal.

Utaratibu ni huu: jioni ingiza kadi mpya na usikilize sauti, asubuhi jijaribu. Usingizi husaidia kushikiza kilichoingia usiku, na mtihani wa asubuhi unakuonyesha kilichoshika na kilichodondoka.

Pahala pawe pamoja. Baraza ya nje haifai kwa kusikiliza, kila apitaye ana salamu na salamu haijibiwi kwa neno moja. Kona ya chumba inatosha, simu ikiwa imezimwa data. Pakua sauti za wiki nzima siku moja, penye Wi-Fi, ili bando na stima visiwe sababu.

Boksi la kadi

Hiki ndicho kiini cha kazi yote, kwa hiyo tukae nacho.

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe juu ya kusahau. Alionyesha kwamba tunasahau kwa kasi sana siku ya kwanza, halafu kasi hupungua. Kila ukikumbuka kitu muda mfupi kabla hakijapotea, kinakaa muda mrefu zaidi. Mwaka 1972 mwandishi wa habari Sebastian Leitner aliieneza njia ya kulitumia jambo hilo kwa boksi na kadi. Aliyepitia chuoni anaujua utaratibu huu kwa jina la murajaa: somo jipya halifunguliwi mpaka la jana lisomwe kwa moyo, na sura za zamani zina siku zake za kurudiwa.

Nunua karatasi za manila za ukubwa wa A4. Kunja moja mara nne, kata kwenye mikunjo, upate kadi 16. Karatasi tatu ni kadi 48, yaani kadi 8 kwa siku kwa siku sita. Kwa wiki 12 zitakwenda karatasi 36. Chukua boksi la viatu, ligawe vyumba vitano kwa vipande vya katoni: cha kwanza chembamba, cha tano kipana kuliko vyote.

Kadi mpya huingia chumba cha kwanza. Ukiijibu sawa inakwenda cha pili, ukiijibu tena sawa inakwenda cha tatu, hivyo hivyo hadi cha tano. Ukikosea, hata kama kadi iko cha nne, inarudi cha kwanza. Siku za kufungua vyumba ni hizi:

Chumba cha kwanza: kila siku, Ijumaa pia.
Cha pili: Jumatatu, Jumatano na Jumamosi.
Cha tatu: Jumanne na Alhamisi.
Cha nne: Jumapili.
Cha tano: tarehe 1 na tarehe 15 za mwezi. Zikizidi kadi 60, gawanya siku mbili.

Kwa nini kadi 8 tu? Kwa sababu kila kadi mpya ni deni la kujibiwa mara tano, na zaidi ukikosea. Kwa kadi 8, boksi likishajaa, utakuwa unajibu kadi 40 hivi kwa siku, na kwa sekunde kumi kila kadi hizo ni dakika saba. Anayeingiza 30 kwa siku hufurahi wiki ya kwanza, wiki ya tatu anadaiwa kadi 150 kila siku, na wiki ya nne boksi liko juu ya kabati. Hii ndiyo sababu kubwa ya watu kuacha, nao hudhani ni uvivu.

Kadi ina sheria mbili, na zote ni za ukali. Soma upande wa Kiswahili, sema Kiitaliano kwa sauti, ndipo ugeuze. Jibu lililobaki kichwani halihesabiwi. Na "aa, hili nilikuwa nalijua" maana yake hukulijua: rudisha chumba cha kwanza. Ukijionea huruma kwenye boksi, mgeni hatakuonea huruma mezani.

Programu za simu kama Anki hufanya kazi ile ile na hukupangia siku zenyewe. Zitumie ukipenda. Kasoro yake kwa mtu wa hapa ni kwamba masomo mengi yaliyotengenezwa tayari yanapita kwenye Kiingereza, ukajikuta unafasiri mara mbili. Tengeneza kadi zako kwa Kiswahili. Na ile simu ya kadi ndiyo hiyo hiyo yenye WhatsApp.

Cha kuandika kwenye kadi

Usiandike neno moja. Andika sentensi fupi unayoweza kuisema kesho kazini, ya maneno manne hadi saba. Mwenye boti haandiki "barca", anaandika mbele "Boti inaondoka saa mbili asubuhi" na nyuma "La barca parte alle otto". Kwenye kadi hiyo moja kuna nomino na kibainishi chake, yaani kile kineno "la" cha mbele, kitenzi kilichokwisha kunyambuliwa, na saa. Mhudumu wa mkahawa ana "Leo tuna pweza na ngisi": "Oggi abbiamo polpo e calamari". Wa duka la vinyago ana "Hii ni kazi ya mkono": "È fatto a mano".

Nomino za Kiitaliano ni za jinsi mbili, ya kiume na ya kike, na maneno yanayozifuata hupatana nazo. Mswahili hapaswi kulalamika juu ya hili: anayepatanisha ngeli zote za kwetu bila kufikiri hashindwi na mbili. Kinachomshinda ni kujifunza nomino ikiwa uchi. Mwisho wa -o kwa kawaida ni kiume, -a ni kike, lakini -e haisemi chochote, na kuna wakaidi kama "la mano" na "il problema". Kwa hiyo kibainishi kiandikwe daima, kwa wino wa rangi: buluu kwa "il", nyekundu kwa "la". Ukitaja nomino sawa na kibainishi kisicho chake, kadi inarudi.

Tia penseli chini ya silabi yenye mkazo pale inapokwenda kinyume na mazoea. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, Kiitaliano nacho mara nyingi ni hivyo hivyo, na ndiyo maana tunateleza pale kinapobadilika: tavolo, camera, macchina, sabato na telefono zote hukazwa silabi ya tatu kutoka mwisho, vivyo hivyo "parlano" na "prendono". Zenye alama mwishoni, kama "città" na "caffè", hukazwa mwisho. Ukiikosea "camera", yaani chumba, mgeni atasita kidogo kabla ya kuelewa, na visito hivyo vikiwa vingi huhamia Kiingereza.

Jambo moja la herufi, lijifunze siku ya kwanza ulimalize: mbele ya e na i, herufi c peke yake husomwa kama ch yetu, na ch husomwa kama k. "Cena", chakula cha jioni, ni chena. "Chiuso", pamefungwa, huanza kwa ki. Gn ni ny yetu. H haitamkwi.

Saa

Huu ndio mtego mbaya kuliko yote kwa msemaji wa Kiswahili, na hauguswi na vitabu kwa sababu havikuandikwa kwa ajili yetu. Mgeni akisema "alle sette", sikio linadaka sette, saba, na kichwa kinaandika saa saba. Yeye alikuwa na maana ya saa moja. Boti inamngoja saa sita baadaye, au dereva anafika wakati mgeni ameshapanda gari la mtu mwingine. Hasara ya siku nzima imetoka kwenye neno ambalo kila mtu anadhani analijua.

Usijifunze kwa kutoa sita. Hesabu hiyo ni polepole, na mtu akichoka huitoa upande usiopaswa. Tumia uso wa simu. Simu inapoandika 08:00, jicho la Mswahili husoma saa mbili bila kufikiri. Lifundishe kusoma pia "le otto". Kwa wiki mbili, kila ukitazama saa, isome kimya mara mbili, kwa Kiswahili na kwa Kiitaliano. Jua kwamba kwenye ratiba na miadi Waitaliano hutumia pia saa 24: "alle diciannove" ni saa moja jioni. Na miadi yoyote ya fedha isifungwe kwa mdomo peke yake: andika tarakimu kwenye simu, mwonyeshe mgeni, sema "Alle otto di mattina, va bene?"

Nambari nyingine zina uwanja wao wa mazoezi barabarani. Kila tuktuk ina tarakimu tatu kwenye namba zake. Ukiona 347, sema "trecentoquarantasette" kabla haijapita. Njia ya kutoka nyumbani hadi kazini itakupa ishirini hivi bila kufungua kitabu. Kwa bei kumbuka kwamba elfu moja ni "mille", lakini kuanzia mbili ni "mila": duemila, tremila. Shilingi 2500 ni "duemilacinquecento scellini".

Sikio: dakika 15 kwa siku

Wengi husikiliza Kiitaliano kama wanavyosikiliza redio wakifua, kisha hushangaa kwamba hakiingii. Kusikiliza huku kunapoza moyo, hakufundishi. Chukua sauti fupi, ya dakika moja hivi, yenye maandishi yake: hadithi za watoto, mazungumzo ya masomo ya mwanzo, video zenye manukuu ya Kiitaliano. Matangazo ya Rai, shirika la utangazaji la Italia, yanapatikana kwa intaneti, lakini habari husomwa kwa kasi, ziache hadi mwezi wa tatu wa masomo. Sauti moja itumie siku tatu:

1. Siku ya kwanza, isikilize mara tatu bila maandishi. Kisha fanya imla: simamisha kila baada ya maneno machache, andika unachosikia hata kama hukielewi. Hapo ndipo linganisha na maandishi, na upige mstari chini ya kila ulichokosa.
2. Siku ya pili, sikiliza ukifuata kwa jicho, halafu sema pamoja na msemaji, nyuma yake kwa nusu neno. Mara tano. Ikikushinda, punguza kasi hadi 0.75, usipunguze zaidi maana sauti hupotoka.
3. Siku ya tatu, jirekodi ukisema peke yako, kisha cheza yako na yake kwa zamu. Chagua kosa moja tu la kurekebisha.

Kosa litakalojitokeza kwa kila mtu wa hapa ni konsonanti za kukazwa. Kiswahili hakina nyingi, tunayo n ya "nne" na chache nyingine. Aliyesoma Kurani kwa tajwidi, lakini, tayari anayo shadda, naye aitumie vile vile: ulimi ukae pale, uzito, ndipo uachie. Irabu iliyotangulia konsonanti moja huvutwa kidogo, iliyotangulia konsonanti iliyokazwa hukatwa. Fanyia mazoezi jozi: pala ni sepetu, palla ni mpira, sete ni kiu, sette ni saba, capello ni unywele, cappello ni kofia, nono ni wa tisa, nonno ni babu. Na jozi ambayo huchekesha meza nzima: anno ni mwaka, ano ni tundu la haja kubwa. Anayemtakia mgeni heri ya mwaka mpya na aikaze n.

Fanya jozi nne kwa siku, mara kumi kila moja, huku mwenzako akikuonyesha kwa kidole ni ipi kati ya mbili amesikia. Akikosea mara tatu, hukuikaza.

Ugonjwa wa "io andare"

Kiitaliano cha ufuoni kina sarufi yake: "io andare Watamu domani", "tu volere pesce?", yaani "mimi kwenda Watamu kesho", "wewe kutaka samaki?" Kinaeleweka, na kueleweka ndiko kunakokiharibu. Mgeni aliye likizoni hakosoi, anatikisa kichwa na kulipa. Baada ya miaka mitano mtu anasema haraka sana lugha ambayo haitamtoa ufuoni kumpeleka mapokezi ya hoteli, na kuivunja ni kazi kubwa kuliko kuanza upya.

Kinga yake ni kujifunza vitenzi vikiwa na nafsi zake tangu siku ya kwanza. Wazo lenyewe si geni: Kiswahili hutia nafsi kichwani mwa kitenzi, Kiitaliano huitia mkiani. Ninasema, unasema, anasema ni parlo, parli, parla. Tunasema, mnasema, wanasema ni parliamo, parlate, parlano. Na kama kwetu, kiwakilishi huachwa. Anayesema "io" kila sentensi anasikika kama Mswahili anayesema "mimi ninakwenda, mimi ninataka, mimi ninajua".

Anza na kumi hivi: essere (kuwa), avere (kuwa na), andare (kwenda), venire (kuja), fare (kufanya), volere (kutaka), potere (kuweza), dovere (kupaswa), sapere (kujua), dire (kusema). Vyote havifuati kanuni, na vyote utavihitaji kabla ya saa nne asubuhi. Kimoja kwa siku, nafsi sita, wakati uliopo. Usivikariri kama wimbo wa darasani, vado vai va andiamo, maana ukiulizwa cha nne italazimu uanzie cha kwanza. Andika nafsi sita kwenye vipande sita vya karatasi, vichanganye, chomoa kimoja, toa sentensi nzima: "Domani andiamo a Watamu." "Dove va, signora?" Ukichomoa 12 bila kusita, kitenzi kimelala. Fomu 60 kwa wiki mbili zinawezekana. Kisha ingia kwenye wakati uliopita, "ho mangiato" na "sono andato".

Jambo la heshima lisisubiri. Kwa mtu usiyemjua, hasa mkubwa kwa umri, Kiitaliano hutumia Lei, na kitenzi hukaa kwenye nafsi ya tatu: "Vuole un caffè?" Kwa rafiki na mtoto ni "Vuoi un caffè?" Vijana wa ufuoni huanza na "tu", yaani wewe ya kirafiki, kwa kila mtu, pamoja na "ciao bello". Sisi tungeshauri kuanza na Lei. Kushuka kutoka Lei kwenda "tu" ni rahisi, mgeni mwenyewe atakuambia "dammi del tu". Kupanda baada ya kuteleza ni aibu, na mtu aliyelelewa kusema shikamoo hana haja ya kuonekana hana adabu kwa lugha ya pili.

Wa kuzungumza naye

Mtalii wa wiki moja si mwalimu, amekuja kupumzika. Watu wa kutafuta ni Waitaliano wanaoishi hapa mwaka mzima, wengi wao wazee waliostaafu. Msimu ukiisha wana nafasi, na wengi Kiswahili chao ni cha "jambo" na "pole pole" kwa miaka yote. Badilishaneni: dakika 20 za Kiitaliano, dakika 20 za Kiswahili, mara moja kwa wiki, saa ikiwa mezani. Zamu ya lugha moja isiingiliwe na nyingine, wala na Kiingereza. Kutaneni mahali pa wazi, mkahawani au barazani, si nyumbani kwa mtu, ili maneno ya watu yasiwe na pa kuanzia. Na ijulikane tangu mwanzo kwamba hakuna anayemlipa mwenzake.

Mwombe asahihishe makosa matatu tu kwa zamu. Akisahihisha yote utanyamaza, asiposahihisha hata moja umepata gumzo tu. Matatu hayo yawe kadi usiku ule ule.

Asipopatikana Mwitaliano, mwenzako anayejifunza anatosha, mkiwa na karatasi ya maswali kumi mliyoiandika kabla. Bila karatasi mtarudi kwenye Kiswahili dakika ya tatu.

Msimu ukifika

Desemba usijifanye utaendelea na dakika 35. Simamisha kadi mpya zote. Bakiza dakika kumi za boksi, na daftari dogo mfukoni. Humo usiandike maneno uliyosikia, andika kwa Kiswahili kile ulichotaka kusema ukashindwa: "maji yamekupwa, tusubiri yajae", "chenji sina, nitakuletea kesho". Usiku tafuta Kiitaliano cha vitatu tu. Vitu hivi vina nguvu kuliko orodha yoyote ya kitabu, kwa sababu pengo ulishalihisi mchana mbele ya mtu.

Ukiikosa siku moja, kesho yake usifanye maradufu, fanya ya kesho. Ukiikosa wiki nzima, usiingize kadi mpya mpaka chumba cha kwanza kirudi chini ya kadi 20. Ukiona mwezi mzima umepita, toa kadi zote, zijibu upya kwa siku tano, zilizobaki sawa zianzie chumba cha tatu na zilizokufa zianzie cha kwanza. Utashangaa ngapi ziko hai.

Kila baada ya wiki nne jirekodi dakika mbili ukieleza jambo lile lile, kwa mfano safari ya kutoka jeti hadi mbuga ya bahari na kurudi, bila karatasi. Hesabu mara ulizokwama zaidi ya sekunde tatu, andika tarehe na idadi. Ikishuka, njia ni sawa. Isiposhuka mara mbili mfululizo, angalia dakika zako: karibu kila mara mtu anasoma kadi kimya na ameacha kusema kwa sauti.

Anayetaka cheti cha kuonyesha kwenye maombi ya kazi, mitihani inayotambulika ni CILS ya Chuo Kikuu cha Wageni cha Siena, CELI ya Perugia na PLIDA ya Chama cha Dante Alighieri. Viwango vyake vinafuata ngazi za Ulaya, kuanzia A1 ya wanaoanza hadi C2 ya juu kabisa. Baada ya wiki 12 za kwanza lenga A1, na usijiandikishe A2 kabla hujamaliza msimu mmoja wa kazi na duru ya pili ya kadi. Nairobi kuna Taasisi ya Utamaduni ya Italia. Pigia simu mapema uulize mitihani inafanyikia wapi na ada yake, kisha uhesabu na nauli ya kutoka Malindi.